Umehama Nyumba Marekani? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kutoa Taarifa ya Anwani kwa Wasio Raia

Maelezo haya ni kwa wasio raia wanaoishi Marekani kwa muda mrefu: wenye kadi ya kijani, wakimbizi, walioomba hifadhi, wanafunzi, wafanyakazi wenye viza, pamoja na familia zao. Jambo moja utaliona likijirudia, kwa sababu ndilo linalowaponza wengi. Marekani haina ofisi moja ambayo ukishaiambia umehama, basi zote zimejua. Posta ina daftari lake, idara ya uhamiaji lake, Mahakama ya Uhamiaji lake, na jimbo lake. Kila moja inasubiri uiambie mwenyewe.

Haya ni maelezo ya jumla. Mwenye kesi iliyo wazi, au aliyewahi kukamatwa, aonane na wakili wa uhamiaji kabla ya kujaza chochote.

Nani hasa anatakiwa kutoa taarifa anapohama?

Karibu kila asiye raia. Sheria ya Uhamiaji na Uraia ya mwaka 1952, kifungu cha 265, inamtaka mgeni anayepaswa kusajiliwa aijulishe serikali kila anapobadilisha makazi. Wanaoachwa nje ni wachache: wanadiplomasia wenye viza ya A, watumishi wa mashirika ya kimataifa wenye viza ya G, na wageni wa muda mfupi walioingia bila viza kwa mpango maalumu wa nchi chache.

Wenye kadi ya kijani wamo. Nalisisitiza hili kwa sababu wengi hudhani kwamba ukaazi wa kudumu umewaondolea mambo ya kuripoti. Haujawaondolea. Hata ukikaa miaka thelathini na kadi hiyo, ukihama unatoa taarifa. Wajibu huu unakwisha siku unapoapishwa kuwa raia.

Nina siku ngapi?

Siku 10 tangu ulipohama. Sheria inataja siku tu, haisemi siku za kazi, kwa hiyo hesabu Jumamosi na Jumapili. Na anwani inayohesabika ni ya mahali unapoishi kweli. Ukisaini mkataba wa nyumba mpya leo lakini ukaendelea kulala ya zamani hadi mwisho wa mwezi, bado hujahama.

Mwenye kesi mahakamani ana muda mfupi zaidi ya huo. Soma swali la kesi hapa chini kabla hujafanya lingine lolote.

Taarifa yenyewe inatolewa vipi?

Fomu inaitwa AR-11 na hupelekwa USCIS, idara inayoshughulikia maombi ya uhamiaji. Haina ada. Ukikuta tovuti inakudai pesa ili ikujazie AR-11, ujue umeangukia wafanyabiashara, hapo si serikalini. Tovuti ya kweli inaishia na .gov.

Njia mbili zipo. Ya kwanza ni mtandaoni, kupitia akaunti yako ya USCIS. Tangu Oktoba 2023 sehemu ya kubadilisha anwani imewekwa ndani ya akaunti hiyo, na ukiitumia unatimiza sharti la AR-11 na pia unabadilisha anwani kwenye maombi yako mengi yanayosubiri majibu. Ya pili ni kuchapisha fomu ya karatasi na kuituma kwa posta. Karatasi inatimiza sharti la kisheria, lakini usitegemee kwamba itabadilisha anwani kwenye maombi yanayosubiri. Mtu anayengoja kibali cha kazi kisha akatuma karatasi peke yake anaweza kujikuta ametii sheria na kibali kimekwenda nyumba ya zamani.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mtandaoni, isipokuwa kama kuna sababu ya usalama ambayo nitaigusia baadaye. Uwe na nambari yako ya A (herufi A na tarakimu saba hadi tisa, kwenye kadi ya kijani imeandikwa upande wa mbele) na nambari ya stakabadhi ya kila ombi linalosubiri. Hiyo ya stakabadhi ina herufi tatu na tarakimu kumi, mfano zile zinazoanza na IOE au MSC. Ukiwa na maombi mawili, hakikisha zote mbili zimeingizwa.

Ukimaliza, hifadhi ukurasa wa uthibitisho: upige picha, uchapishe, ujitumie kwa barua pepe. Ukitumia karatasi, itume kwa barua ya kusajiliwa yenye risiti ya kupokelewa, nawe ubaki na nakala. Miaka sita baadaye, ofisa akikuuliza, karatasi hiyo ndiyo itakayokujibia.

Nilishajaza fomu ya posta ya kuhamisha barua. Haitoshi?

Haitoshi, kwa sababu mbili. Kwanza, posta haiwaambii uhamiaji kwamba umehama. Ni taasisi mbili tofauti. Pili, hata hizo barua zenyewe: USCIS wanaonya kwamba kwa kawaida posta haizipeleki barua zao kwenye anwani mpya. Bahasha ya kadi ya kijani au ya kibali cha kazi ikikosa mwenyewe hurudishwa ilikotoka.

Hata hivyo jaza fomu ya posta pia. Barua za benki, shule na hospitali zitakufuata kwa miezi 12. Na jiandikishe katika huduma ya bure ya posta ya Informed Delivery, ambayo inakutumia kila asubuhi picha za bahasha zinazokuja siku hiyo. Ukiona picha ya bahasha ya serikali na jioni haimo sandukuni, utajua uanzie wapi kuuliza.

Nina kesi katika Mahakama ya Uhamiaji. AR-11 inatosha?

Hapana, na hapa ndipo watu wanapoumia kweli.

Mahakama ya Uhamiaji haiko chini ya USCIS. USCIS ni sehemu ya Wizara ya Usalama wa Ndani, na mahakama iko chini ya Wizara ya Sheria, katika ofisi inayoitwa EOIR. AR-11 uliyoijaza kwa uaminifu haifiki kwenye meza ya karani wa mahakama. Mahakama ina fomu yake, EOIR-33/IC, na muda wake ni siku 5 za kazi tangu ulipohama. Siku hizo hizo tano zinahusu pia kubadilisha nambari ya simu. Kama kesi imekatiwa rufaa na iko kwenye Bodi ya Rufaa za Uhamiaji, kuna toleo la fomu hiyo la bodi, EOIR-33/BIA. Unaweza kuipeleka kwa mkono, kwa posta au mtandaoni, na nakala lazima iende kwa mawakili wa serikali wanaoiendesha kesi dhidi yako.

Kwa nini nasema watu wanaumia? Mahakama hutuma tarehe za kesi kwenye anwani iliyo kwenye jalada. Tarehe zinaweza kusogezwa mbele au nyuma, na taarifa ni barua tu. Usipofika, na serikali ikathibitisha kwamba ilikutumia taarifa na kwamba unastahili kuondolewa, jaji anatoa amri ya kukuondoa nchini bila wewe kuwepo. Sheria inasema jaji atatoa. Haisemi anaweza kutoa.

Aliyepewa amri hiyo anaweza kuomba kesi ifunguliwe upya. Akiwa na sababu nzito ya kutofika, kama ugonjwa mkubwa, ana siku 180. Akiwa hakupata taarifa kabisa, anaweza kuomba wakati wowote. Ila kuna sharti linalowakwamisha wengi: kifungu cha 240 kinasema serikali haiwajibiki kutuma taarifa kwa mtu ambaye hakuipa anwani yake kama alivyotakiwa. Kwa hiyo ile hoja ya “sikuipata barua”, inayosikika kuwa na nguvu sana sebuleni, inaweza kudhoofika mbele ya jaji kwa sababu ya fomu ambayo haikujazwa. Zaidi ya hapo, aliyeonywa kwa mdomo kuhusu matokeo ya kutofika halafu hakufika, anaweza kufungiwa kwa miaka 10 nafuu kadhaa za uhamiaji, ikiwemo kuomba ukaazi wa kudumu akiwa ndani ya nchi.

Usisubiri barua. Piga simu ya kiotomatiki ya mahakama, 1-800-898-7180, au angalia kwenye tovuti ya EOIR, uingize nambari yako ya A, usikie tarehe inayofuata. Fanya hivyo kila wiki, hata kama hujahama.

Wanaoripoti kwa ratiba maalumu ICE, idara inayowakamata na kuwaondoa wageni nchini, wana daftari la tatu: anwani mpya wanaitoa huko pia. Ofisa wa ICE akiijua anwani, usidhani jaji ameijua.

Kesi yangu iko Texas nami nimehamia Ohio. Nikijaza EOIR-33 kesi itanifuata?

Haitakufuata. Fomu inabadilisha mahali barua zinapopelekwa, basi. Kesi itabaki Texas na unatakiwa kufika Texas siku ya kesi, mpaka wewe au wakili wako mtakapoomba kwa maandishi kuhamishiwa mahakama nyingine na jaji akakubali. Ombi likiwa bado halijajibiwa, tarehe ya zamani ingali hai. Watu wamepanda basi usiku kucha kwa sababu hii, na walifanya vizuri kupanda.

Walioomba hifadhi kupitia USCIS (si mahakamani) wana utaratibu tofauti: ukibadilisha anwani na ukawa umehamia eneo la ofisi nyingine ya hifadhi, jalada linaweza kupelekwa huko.

Sisi ni wakimbizi. Shirika lililotupokea ndilo lililotutafutia nyumba hii mpya, kwa hiyo serikali si inajua?

Shirika linajua. Serikali haijui mpaka iambiwe kwa fomu. Mfanyakazi wa shirika anaweza kukusaidia kujaza AR-11, na wengi wao hufanya hivyo kwa moyo mzuri, lakini wajibu ni wako na jina linaloulizwa ni lako. Muulize moja kwa moja: “Umetujazia AR-11? Naomba uthibitisho.” Akiwa nao atakupa.

Kwa mkimbizi kuna sababu nyingine ya kuwa makini. Baada ya mwaka mmoja nchini unatakiwa kuomba kadi ya kijani. Barua ya miadi ya alama za vidole itakwenda kwenye anwani iliyoandikwa, na ukikosa miadi bila kutoa sababu, USCIS inaweza kulihesabu ombi lako kuwa limeachwa.

Mimi ni mwanafunzi mwenye viza ya F-1. Najaza AR-11?

Wewe unaiambia shule. Ndani ya siku 10 za kuhama, mjulishe ofisa wa chuo anayeshughulikia wanafunzi wa kigeni, naye ana siku 21 za kuiingiza anwani kwenye SEVIS, mfumo wa serikali wa rekodi za wanafunzi wa kigeni. Ikishaingia huko, sharti lako limetimia. Aliyemaliza masomo na yuko kwenye mafunzo ya kazi ya OPT anaweza kuibadilisha mwenyewe kupitia akaunti yake ya mtandaoni ya SEVP, programu ya serikali inayosimamia wanafunzi hao. Wenye J-1, viza ya programu za mabadilishano, wanamjulisha mdhamini wa programu yao, pia ndani ya siku 10.

Lakini kama una ombi lililoko USCIS, mfano la kibali cha kazi, libadilishie anwani huko pia. Mabadiliko ya SEVIS hayaifikii bahasha ya kadi yako.

Mume wangu amejaza. Mimi na watoto je?

Kila mtu na taarifa yake, hata kama mmehama kwa gari moja. Mtoto wa chini ya miaka 14 anajaziwa na mzazi au mlezi wa kisheria.

Wazazi, jambo la pembeni lakini msilisahau: mtoto mwenye kadi ya kijani akitimiza miaka 14 ana siku 30 za kusajiliwa upya na kuchukuliwa alama za vidole, kwa fomu ya I-90. Na akifika miaka 18 anatakiwa na sheria kutembea na kadi yake kila wakati.

Nalala kwa shemeji kwa sasa, baadaye sijui nitakuwa wapi. Niandike nini?

Andika unapolala. AR-11 ina nafasi ya makazi ya sasa, ya makazi ya awali, na ya anwani ya barua kama ni tofauti. Ya makazi lazima iwe nyumba halisi. Sanduku la posta halikubaliki hapo. Ya barua inaweza kuwa sanduku la posta, au nyumba ya mtu unayemwamini ambaye hatupi bahasha asizozielewa. Ukihama tena baada ya wiki tatu, unajaza tena. Hakuna kikomo cha idadi.

Kinachowaharibia watu wa hali hii ni kuendelea kutumia anwani ya kaka au mjomba kama makazi kwa miaka, ilhali wanaishi jimbo jingine, eti kwa sababu “pale barua hazipotei”. Iandike ya mjomba kwenye nafasi ya barua, na ya kwako kwenye nafasi ya makazi. Nafasi hizo mbili ziliwekwa kwa ajili ya mtu kama wewe.

Anwani ni sahihi lakini barua hazifiki. Tatizo nini?

Mara nyingi ni vitu vidogo. Nambari ya chumba imeachwa, na jengo lina vyumba mia. Jina lako halipo kwenye sanduku la barua kwa sababu mkataba ni wa mwenzako, na mtu wa posta akiona jina asilolijua anairudisha bahasha. Au jina limeandikwa kwa mpangilio mmoja kwenye viza na mwingine sandukuni, jambo la kawaida kwa sisi wenye majina matatu au manne. Bandika majina ya wote wanaoishi humo kwa maandishi yanayosomeka, na andika anwani kama posta inavyoiandika kwenye tovuti yake ya kutafuta anwani.

Kadi yangu ilirudishwa USCIS. Imepotea?

Bado, lakini usilale. Kwa utaratibu uliotangazwa mwaka 2018, kadi ya kijani, kibali cha kazi au hati ya safari iliyorudishwa na posta huharibiwa baada ya siku 60 za kazi kama mwenyewe hajawasiliana nao. Badilisha anwani mtandaoni, kisha fungua ombi la ufuatiliaji kuhusu hati ambayo haikufika, kwenye tovuti hiyohiyo. Ikishaharibiwa unaweza kulazimika kuomba na kulipia upya.

Nikihama nahitaji kadi mpya ya kijani?

Huhitaji. Anwani haimo kwenye kadi.

Nimehama mara kadhaa na sijawahi kujaza. Nimejiharibia?

Jaza leo kwa anwani ya sasa. Kuchelewa ni bora kuliko jalada linaloonyesha hujawahi kujaza kabisa, na fomu haikuulizi kwa nini umechelewa.

Kuhusu adhabu, sheria ni kali kwenye karatasi. Kifungu cha 266 kinalifanya kuwa kosa la jinai dogo, lenye faini ya hadi dola 200 au kifungo cha hadi siku 30 au vyote viwili, na sheria ya jumla ya faini za serikali kuu inaweza kuipandisha faini hiyo. Mbali na hilo, asiyetoa taarifa anaweza kuondolewa nchini, isipokuwa aonyeshe kwamba alikuwa na sababu ya kueleweka au hakufanya makusudi. Neno “makusudi” lina uzito. Ambaye hakujua, na alipojua akajaza mara moja, yuko mahali tofauti na aliyejua akajificha.

Usijaze tarehe ya uongo ili ionekane ulihama juzi. Mkataba wa nyumba, kodi ya mapato na leseni ya udereva vina tarehe zake, na uongo kwenye fomu ya serikali ni tatizo kubwa kuliko kuchelewa. Kama umewahi kuwa na kesi au amri ya kuondolewa, anza kwa wakili. Kama huna uwezo wa wakili, tafuta wawakilishi wa mashirika yasiyo ya faida walioidhinishwa na Wizara ya Sheria. Yule bwana wa mtaani anayejaza fomu za kila mtu hana idhini hiyo, hata akiwa na mhuri mzuri namna gani.

Nikiwapa anwani, si nitakuwa nimewaonyesha pa kunikamatia?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini na linastahili jibu la wazi. Taarifa ya AR-11 inaingia Wizara ya Usalama wa Ndani, na ICE iko ndani ya wizara hiyo hiyo. Asikudanganye mtu kwamba ni siri isiyofika huko.

Kwa mwenye hadhi halali ya uhamiaji, kuficha anwani hakumlindi na chochote. Kunaipa serikali sababu ambayo haikuwa nayo. Kwa mwenye kesi mahakamani, kuficha anwani ndiyo njia ya haraka ya kupewa amri ya kuondolewa akiwa amelala nyumbani. Kwa asiye na hadhi yoyote, hali ni ngumu zaidi tangu kanuni ya usajili ilipoanza kutumika tarehe 11 Aprili 2025. Kanuni hiyo inawataka wenye miaka 14 na zaidi ambao hawajawahi kusajiliwa, na wanaokaa siku 30 au zaidi, wajisajili kwa fomu ya G-325R, na aliyesajiliwa anabeba wajibu wa kuripoti anwani. Wenye kadi ya kijani, kibali cha kazi au rekodi ya kuingia ya I-94 wanahesabiwa kuwa tayari wamesajiliwa. Mtu asiye na hadhi asiamue jambo hili kwa ushauri wa kundi la WhatsApp. Aongee na wakili kwanza, faraghani.

Nimemkimbia mume anayenipiga. Naogopa ataona anwani mpya.

Usiingie kwenye akaunti ya USCIS ambayo yeye anaijua nywila yake, na usitumie barua pepe ambayo simu yake inaifungua. Walioomba ulinzi kama waathirika wa ukatili wa nyumbani chini ya sheria ya VAWA, na waombaji wa viza za U (za waathirika wa uhalifu) na T (za waathirika wa usafirishaji haramu wa binadamu), wanalindwa na sheria ya usiri ambayo inazuia maofisa kutoa habari zao, na USCIS ina utaratibu wa pekee wa kubadilisha anwani zao. Unaruhusiwa kutoa anwani salama ya kupokelea barua, kama ya wakili wako. Majimbo mengi pia yana mpango wa kumpa mwathirika anwani mbadala ili ya kweli isionekane kwenye rekodi za umma. Mtetezi wa waathirika kwenye makazi ya dharura anaujua mpango wa jimbo lake. Muulize kabla ya kujaza chochote.

Wazee waliokuja zamani wanasema kila Januari lazima uripoti. Ni kweli?

Ilikuwa kweli. Wageni walitakiwa kupeleka anwani zao kila Januari, wawe wamehama au hawajahama. Sharti hilo la kila mwaka lilifutwa na Bunge mwaka 1981. Siku hizi unaripoti ukihama tu.

Naenda nyumbani Afrika miezi miwili. Niripoti?

Safari si kuhama, kama makazi yako Marekani yanabaki yaleyale. Mwombe mtu afungue sanduku la barua na akutumie picha za bahasha zote za serikali. Ila ukirudisha nyumba kwa mwenyewe kabla ya kusafiri, ukirudi na kupanga kwingine una siku zako 10.

Nimeomba uraia na nimehama kabla ya usaili.

Badilisha anwani kwenye akaunti yako mara moja, kwa sababu jalada linaweza kuhamishiwa ofisi nyingine na barua ya usaili itatoka huko. Ambaye hajaomba bado na amevuka jimbo asubiri: unatakiwa uwe umeishi miezi 3 kwenye jimbo au wilaya ya USCIS unakoombea. Fomu ya N-400 pia inauliza mahali pote ulipoishi kwa miaka mitano, na hapo utazishukuru nakala zako za AR-11, maana nani anakumbuka tarehe za kila chumba alichopanga?

Ofisi gani nyingine niziambie?

Leseni ya udereva kwanza, na muda unategemea jimbo: California siku 10, Texas siku 30. Ofisi ya kodi ya mapato, IRS, ina fomu 8822. Wanaopokea msaada wa chakula au bima ya afya ya serikali waijulishe ofisi ya jimbo, kwa kuwa barua ya kuhuisha msaada ikipotea, msaada unakatwa. Kisha mwajiri, benki, shule ya watoto.

Nimeshakuwa raia. Haya yote hayanihusu tena?

AR-11 haikuhusu. Lakini jiulize kama uliwahi kumdhamini mtu, mama yako, mke au ndugu, kwa kusaini fomu ya I-864. Mdhamini, akiwemo raia, anatakiwa kuripoti anwani mpya ndani ya siku 30 kwa fomu ya I-865, kwa muda wote ambao udhamini unadumu. Na unadumu kuliko wengi wanavyofikiri: mpaka uliyemdhamini awe raia, afikishe robo 40 za kazi (kama miaka kumi), aondoke nchini moja kwa moja na kuacha ukaazi wake, au afariki. Talaka haiumalizi. Faini ya kutoripoti ni kuanzia dola 250 hadi 2,000, na ikiwa ulijua kwamba uliyemdhamini amepokea misaada fulani ya umma, inapanda kuwa kati ya dola 2,000 na 5,000.